Joto la Mhariri Onciul

Mhariri Valeriu Onciul wa jarida la mashairi alikuwa akikoroga kahawa ya shayiri kwa kitako cha penseli yake nyekundu pale bomba la joto chini ya dirisha, lililokuwa limekufa tangu majani yapukutike, lilipoanza kupata moto. Alikuwa ndiyo kwanza amefuta neno "joto" katika shairi la mwalimu mmoja aliyekumbuka jikoni kwa bibi yake. Akaligusa bomba, akavua glovu, akaendelea na kazi.

Mwaka ule mji mzima wa Iași ulikuwa ukilala na makoti. Agizo lilikuwa limeshuka kutoka mji mkuu, Bucharest, kwamba washairi wasitaje vitu visivyopatikana madukani, wasije wakawakumbusha watu. Washairi, kwa ukaidi wao, hawakutaja kingine. Onciul akawa anafuta, na kila alichokifuta kikawa kinakuja ofisini. Akifuta siagi, siagi iko mezani; akifuta soseji, karani wake Aglaia anatafuta kisu. Hakuna aliyeuliza. Mtu ana njaa, atauliza nini?

"Ndugu Mhariri," Aglaia alilalamika siku moja, "wiki nzima hakuna hata mmoja aliyeandika machungwa? Washairi gani hawa?"

Ujanani Onciul mwenyewe aliandika kitabu kuhusu mto Prut. Kilikuwa kitabu kizuri, tuseme ukweli, na muda wote wa kukiandika alikula viazi vitupu. Tangu apewe kiti cha mhariri alishiba, na shairi halikumjia tena. Hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Ndipo akaja Sabina Harnagea, fundi cherehani, na shairi lake la kwanza. Binti yake Ilinca alikufa hospitalini umeme ulipokatwa, mashine ya kumsaidia kupumua ikazimika. Tangu azikwe, mtoto alikuwa akirudi nyumbani kila magharibi, anakaa jikoni na kofia yake ya sufu, anamtazama mama yake akishona. Shairi lilieleza hayo yote.

"Umeme utoe ukitaka," Sabina alisema. "Jina lake niachie. Watu wamjue kwa jina."

"Nitaona, Ndugu."

"Usiniambie utaona. Niambie utaliacha."

"Haya, nitaliacha," alisema Onciul, kwa kuwa alitaka aondoke kabla hajanusa soseji.

Alifuta umeme, taa ya mezani ikawaka. Kisha akamfikiria mkubwa fulani wa Bucharest akiuliza huyu Ilinca ni nani, na amekufaje. Akalifuta na jina. Magharibi ilipoingia mtoto akafungua mlango wa ofisi, akavua kofia, akakaa karibu na bomba. Kule nyumbani Sabina alimwekea maziwa, akangoja, akayarudisha kabatini.

Kesho yake Onciul aliona neno "mama" linaning'inia hovyo bila jina la mtoto, akalifuta nalo. Mtoto akageuka.

"Mama," akamwambia Aglaia, "nina njaa."

Aglaia hakuwahi kujaliwa mtoto. Alifuta kisu kwa aproni, akamkatia soseji, kipande kinono.

Na mashairi yakamrudia Onciul. Alimwandika msichana aliyekaa karibu na joto, ukurasa baada ya ukurasa, wala hakufuta kitu. Kitabu kikapata tuzo. Wakubwa walisifu jinsi kilivyojaa matumaini, na Onciul akapigwa picha akiwa na tai mpya.

Sabina alilisoma jarida, akakuta jina la binti yake halimo, akavaa koti, akaja ofisini. Mtoto alimtazama, kisha akasogea kumpisha.

"Kaa hapa, shangazi. Mikono yako imepoa."

"Ilinca."

"Kumbe unanijua?"

"Usimzoeshe sana, dada," alisema Aglaia. "Akishazoea wageni, hapati usingizi."

Sabina hakulia. Alikaa hadi mikono ikapata joto, huku akimtazama mtoto mashavu, maana yalikuwa yamenenepa na hakuwahi kuyaona hivyo. Aliyaonea furaha, na furaha hiyo ikamchoma moyoni. Kisha akaenda nyumbani, akawaza.

Wiki iliyofuata alileta shairi jingine. Ndani yake aliandika mkate, akaandika makaa, na kila baada ya mstari akaandika jina lake mwenyewe, Sabina Harnagea, mama wa mtoto.

"Futa," alimwambia Onciul. "Safari hii sikuombi uache kitu. Futa lote, na jina langu."

Onciul alisoma mara moja akaelewa kwamba Sabina naye alitaka kuja kukaa humo ofisini. Alimwangalia mtoto pale kwenye bomba, akaangalia na karatasi zake mwenyewe, kitabu cha pili kikiwa katikati. Akachukua penseli. Mkate aliufuta, na Aglaia akaupokea ukiwa bado una mvuke. Makaa aliyafuta. "Mama wa mtoto" aliyafuta pia, na Aglaia akamvuta mtoto karibu zaidi.

Jarida lilipotoka, Sabina alikuja na sanduku la nguo mkononi. Onciul alimpokea mlangoni, akamfunulia ukurasa. Jina lilikuwepo juu, katikati na chini, kwa herufi nzito.

"Si ulitaka jina litoke, Ndugu?" alisema kwa upole. "Basi limetoka."

Nyuma yake, karibu na bomba, Ilinca alikuwa akimalizia ule mkate.