Ukurasa wa Macho Mawili

Wiki nzima Aino alimwomba Mungu kitabu kile kipotee. Alisali asubuhi kabla ya uji, akasali jioni akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, wala hakuomba kitu kingine. Ijumaa ilipofika na kitabu bado kipo, aliona amsaidie Mungu kidogo. Akakichomeka kati ya vitabu vya mapishi, rafu ya nyuma kabisa ya maktaba.

Jumamosi ilikuwa zamu yake. Katika mji wao, kaskazini mwa Minnesota, Marekani, Bi Lempi, mkutubi, huwasomea watoto kila Jumamosi, na mtoto mmoja husimama mbele ya wenzake akifungua kurasa. Aino alikuwa na miaka sita, na zamu hiyo aliingojea tangu majani yaanze kupukutika. Lakini kitabu kilichochaguliwa kilikuwa na ukurasa mmoja wa kutisha: dirisha, giza, na macho mawili ya manjano yakichungulia ndani. Alikuwa hajawahi kuuvuka. Kila alipofika hapo alikifunga, pu!

"Ukishindwa nafungua mimi," alisema Saima, binamu yake wa miaka minane. "Wewe rudi nyumbani ukanyonye."

Watoto walikuwa wamekwisha kaa zuliani, na Bi Lempi anahangaika kutafuta kitabu, Mzee Arvo, aliyekuja kuazima kitabu cha mapishi, alipotokea kwenye rafu za nyuma akiwa nacho mkononi.

"Lempi! Natafuta supu ya samaki, napata zimwi! Hili nalo linapikwaje?"

Watoto wakacheka. Aino akahisi masikio yanawaka moto.

"Nani kakiweka huko?" aliuliza Bi Lempi.

"Mimi," alisema Aino. "Nilikuwa namsaidia Mungu."

Bi Lempi aliuma mdomo ili asicheke. "Naona Mungu kaukataa msaada, mwanangu. Tumpe Saima zamu?"

Saima alikuwa tayari amekunja mikono ya sweta.

"Hapana," alisema Aino. Akasimama mbele, akasali kimoyomoyo: Basi Bwana, njoo tufungue wote. Kisha akakigeuza kitabu, akakifungulia nyuma.

"Huko ni mwisho!" Saima akapiga kelele.

"Najua. Nataka nione kwanza mwenye macho anaishiaje."

Kwenye ukurasa wa mwisho, dude kubwa lenye manyoya lilikuwa limesinzia karibu na jiko, skafu shingoni, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, kijiko cha supu mkononi.

"Skafu kapewa na nani?" aliuliza mtoto mmoja.

Aino akarudi ukurasa mmoja. Dude lilikuwa mlangoni, linatetemeka, barafu inaning'inia puani.

"Maskini! Kamasi zimeganda!"

Ukafuata ule wenyewe. Sasa Aino alijua macho yale ni ya nani, lakini moyo ulidunda vilevile. Akafungua.

Yalikuwa manjano kama siku zote. Aino hakufunga kitabu. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Ingia," aliyaambia macho. "Lakini vua viatu mlangoni."

"Vua viatu!" watoto wote wakapokea. "Na ufunge mlango, baridi!"

Bi Lempi alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta machozi. "Haya, sasa tusome kuanzia mwanzo, kama watu."

Wakasoma kuanzia mwanzo, mtoto wa kitabuni akiwa peke yake ndani, theluji ikidondoka nje. Walipofika kwenye macho, Aino alitazama zuliani.

"Saima, umefumba macho."

"Sijafumba! Vumbi limeniingia."

"Basi nalisubiri litoke," alisema Aino, akaushikilia ukurasa wazi kwa mikono miwili, wala hakuwa na haraka.