Kitunguu Ndani ya Nyumba

"Usinidanganye," nilimwambia binti yangu kwa kunong'ona. "Unasema unakula, na mkanda wa suruali umeutoboa tundu jipya kwa msumari."

"Ni fasheni, mama."

"Fasheni ya msumari?"

Tuligombana hivyo, kwa kunong'ona na mlango wa jikoni umefungwa, kwa sababu baba yake alikuwa amelala chumba cha pili. Asubuhi ile mwalimu wake wa ufundi magari alinipigia simu kazini: binti ameanguka karakanani, spana mkononi, tumbo tupu tangu jana. Nikamfuata, nikamrudisha nyumbani, na sasa nilitaka maelezo.

"Chakula cha chuoni kimekukosea nini?"

"Na wewe je?" alinirudishia. "Lini umekaa kitako ukala? Unatafuna mkate mkavu huko ghalani kwenu, nyuma ya maboksi, kama panya. Usibishe, nimekuona."

"Mimi ni mama yako, si mwenzio."

"Haya, mama panya."

Nilitaka kukasirika, nikacheka, kisha nikakasirika kwa sababu nimecheka.

Nina stashahada ya ugavi. Ghalani kwangu haipotei hata skrubu, na nyumba niliiendesha vivyo hivyo. Mume wangu alipoanza kupigwa mionzi ya saratani ya koo, harufu ya mafuta ya kukaanga ilimtapisha mpaka nyongo. Nikaandika sheria, nikaibandika kwenye friji: kwa sababu ya harufu, hakuna kupika humu isipokuwa uji wa baba, kila mtu ale huko huko aliko. Mionzi iliisha miezi miwili iliyopita. Karatasi ikabaki pale pale.

"Najaribu kula," binti alisema, safari hii bila ubishi. "Nikishika kijiko namwona baba anavyousukuma ule uji, jasho linamtoka. Naona kama namsaliti. Naweka kijiko chini, sahani nawapa wenzangu."

Nikanyoosha mkono nimshike bega.

Mlango ukafunguka. Alikuwa baba yake, shuka begani, mkono kwenye fremu. Jikoni hakuwa ameingia tangu augue. Uji tulimpelekea kitandani.

"Mnanong'ona kama wezi wanaogawana," alisema kwa ile sauti yake iliyobaki kama msasa. "Ninaumwa koo, siumwi masikio."

"Rudi ukalale, baba," binti alisema.

"Nimelala vya kutosha." Aliisogelea friji, akaisoma karatasi taratibu, neno kwa neno. "Kumbe ni harufu?"

"Ulidhani nini?" nikauliza.

Akavuta shuka. "Nilidhani mnanikimbia. Vile ninavyotema mate kwenye kikombe. Nikasema moyoni, wana haki, nani ataweza kula mbele ya vile? Ndiyo maana sikuuliza."

Binti alimshika mkono, akaulaza shavuni pake. Mimi nilitazama sinki. Miezi mitano mtu alilala peke yake akijiona ni uchafu, ukuta mmoja kutoka kwangu, na mimi nikijisifu kwa utaratibu.

"Kitunguu bado kinakutapisha?" nilimuuliza.

"Sijui. Sijakinusa tangu siku ile niliyotapika."

"Basi tujue leo. Ukitapika, beseni lipo, na mimi nipo." Nikabandua karatasi, nikaichana, nikatia kwenye ndoo ya taka. "Wewe, shika upande huo wa meza. Tunakula chumbani kwa baba yako, wote, na kuanzia leo ndivyo."

Meza ikagoma mlangoni. Tukaigeuza ubavu, ikagoma. Mume wangu, seremala wa miaka ishirini na mitatu, alirudi chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda akitutazama kama mtu anayetazama mpira wa watoto.

"Diploma yako haisemi kitu hapo?" aliniuliza.

"Sema wewe uliyeitengeneza."

"Fungua miguu. Nati ziko chini, spana namba kumi na tatu."

Binti alichomoa spana mfukoni, akalala chali chini ya meza. Miguu ikatoka, meza ikapita, miguu ikarudi. Nikaenda jikoni, nikamimina mafuta, nikatia kitunguu, na mlango safari hii nikauacha wazi kabisa.

"Vipi huko?" nilipaza sauti. Ilikuwa ngeni kuisikia sauti yangu nzima ndani ya nyumba ile.

Mume wangu akakohoa. Nikashika swichi ya jiko nizime.

"Kitaungua hicho," alisema. "Koroga."

Nilipeleka mayai na mkate, na bakuli lake la uji. Mume wangu alimeza, akafumba macho, akameza tena. Binti alikuwa anamtazama, mkono magotini.

"Kula, mwanangu," baba yake alimwambia. "Nataka kusikia mtu akitafuna."

Binti akachukua kipande, kisha kingine, kisha akasahau adabu zote.

"Taratibu, utapaliwa," akasema baba yake.

Nikavuta kiti, nikakaa kitako, nikajipakulia.