Swali la Kwanza la Fundi

Mteja akija kwangu na kilio cha waifai inayosuasua, sigusi laptopu yake kabla sijamuuliza jambo moja: vifaa vingine hapo nyumbani vinapata? Kama vinapata, ugonjwa uko kwenye laptopu. Kama navyo vinasuasua, ugonjwa uko kwenye ruta au kwa kampuni iliyomuunganishia. Ni swali la sekunde tatu. Nimeliandika kwa kalamu nene na kulibandika ukutani juu ya meza yangu ya kazi, maana nafundisha pia, na wanafunzi wangu nataka walijue kama wanavyojua majina yao. Basi mimi mwenye karatasi nilikaa wiki nzima bila kujiuliza. Sikuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu mkosaji nilikuwa nimeshampata. Alikuwa mama mkwe wangu.

Niieleze tangu mwanzo, nisije nikajipendelea.

Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mke wangu alikuwa semina ya wiki mbili, akaniachia mama yake, ambaye anaishi nasi tangu magoti yaanze kumsumbua. Mama ni mtu asiyependa kumsumbua mtu. Chakula kikipungua chumvi, haombi. Anasubiri mpaka mwingine aisogeze. Starehe yake ilikuwa moja tu. Kila alasiri alikaa kwenye kochi la sebuleni, akaegemeza simu kwenye chupa ya chai, akaongea kwa video na mdogo wake anayeishi nchi ya mbali. Walikuwa na ugomvi mmoja wa tangu utotoni, nani hasa alivunja kioo cha baba yao, na waliweza kuupigia soga saa nzima, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Jumapili moja nilimwagia chai laptopu yangu mwenyewe. Nikaifungua, nikatoa kibodi iliyolowa, nikaweka mpya, nikarudisha kila skrubu mahali pake bila hata moja kubaki mezani, nikajiona mtu kweli. Jumatatu nikawasha darasa langu la mtandaoni, mafundi wanafunzi kumi na watano wananitazama. Dakika ya tano picha ikaganda nikiwa nimepanua mdomo kama anayetaka kupiga chafya. Waliniambia baadaye kwamba nilikaa hivyo dakika nzima. Mmoja wao alishaigeuza ile sura kuwa stika, ikawa inazunguka kwenye kundi letu, na kila mtu akiulizwa swali gumu anajibu kwa kuituma.

Mimi sipendi kuchekwa, na kwenye kazi yangu ndiyo kabisa. Nilizima ruta, nikaiwasha. Nikaitoa nyuma ya kabati nikaiweka juu yake. Nikabadilisha chaneli, maana majirani nao wana ruta zao na zinaweza kugombania njia. Nikafuta programu zote zinazojisasisha zenyewe kwa siri. Kila nikipima kasi, mshale wa kipimo unajikokota, unafika pale pa kwanza, unalala. Simu yangu ingeniambia ukweli wote palepale, lakini mimi natumia bando la laini kwa sababu kutwa natoka kwenda kwa wateja, na haikunijia kuiunganisha na waifai yangu hata mara moja.

Jumanne, katikati ya darasa, picha ikaganda tena. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kuangalia nani yumo. Vilikuwemo vifaa viwili tu: laptopu yangu na simu ya mama, ambayo haijawahi kuwekwa bando. Na pale pale, kupitia ukutani, nikasikia kicheko chake sebuleni. Hasira zikanipanda. Mimi natafuta riziki, mtu anabishana habari za kioo kilichovunjika miaka hamsini iliyopita.

Kwenye ruta, mbele ya kila kifaa pana kitufe. Ukikibonyeza, kifaa kile kinafungiwa nje. Simu itaonyesha tu kwamba haina mtandao, na mwenyewe hatajua kimempata nini. Nikabonyeza. Kicheko kikakatika.

Laptopu haikupata nafuu yoyote. Darasa likaisha kwa kuganda na kuganduka vilevile. Mtu mwenye akili angemfungulia mama saa ileile. Mimi nikasema acha kwanza, nijaribu na mengine.

Asubuhi ya Jumatano akaja mlangoni mwa karakana, ameishika simu kwa mikono miwili. Hakuingia mpaka nilipomkaribisha. Akaniomba radhi kwa kunikatiza kazi. Akasema anadhani ameibonyeza vibaya, maana macho yake siku hizi si ya kutegemea, na sasa haimpati mtu yeyote.

"Nisingekusumbua, baba," akasema, "ila mdogo wangu analazwa kesho. Anapasuliwa uvimbe wa kooni. Nimemwahidi nitakuwa naye kwenye simu mpaka wamwingize."

Hapo nilitakiwa kusema. Ilikuwa ni neno moja, na kitufe kimoja. Lakini nilimtazama alivyosimama pale akijilaumu kwa kosa langu, uso ukanishuka, na badala ya kusema ukweli nikanyoosha mkono nikaipokea simu. Nikaigeuzageuza. Nikaitoa kifuniko, nikaipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Nikamwambia aniachie, nitaitazama.

Nilijiambia nitamfungulia baada ya darasa. Baada ya darasa nikaona nikiifungua mapema hivyo atashangaa, ataniuliza ilikuwa na nini. Nikasema kesho asubuhi. Alhamisi asubuhi nikaitwa ofisi moja ambayo mashine zao zote zilikuwa zimezimika, nikarudi jioni nimechoka. Simu ya mama ilikuwa mezani kwangu kati ya simu mbovu za watu, imelala kifudifudi. Namba zote za mdogo wake zilikuwa humo ndani. Mama alipita mlangoni mara mbili siku ile. Hakuuliza. Kumpigia mke wangu kwa simu yangu pia hakutaka, asije akaonekana anaomba anunuliwe nyingine.

Ijumaa nikaona kumfungulia sasa ni kujishtaki, na Jumamosi nikamrudishia ikiwa bado imefungiwa. Nikamwambia imezeeka, mama, hizi zikifika umri fulani zinaukataa mtandao. Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni. Akanishukuru kwa kuhangaika.

Jumatatu saa nne hivi akanipigia mteja, mshonaji mwenye duka mtaa wa pili, akilalamika kwamba laptopu yake waifai haishiki. Nikiwa nimebana simu kwa bega, mikono yote miwili ndani ya mashine ya mtu, nikamuuliza kama kawaida: vifaa vingine hapo vinapata? Akasema ngoja aangalie. Nikawa namsubiri, macho yangu yako ukutani kwenye karatasi yangu. Niliisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Mshonaji aliporudi kunipa jibu, sikumsikia.

Nikaunganisha simu yangu na waifai ya nyumbani. Nikapima kasi. Mshale ukaruka mpaka mwisho wa kipimo ukakaa huko.

Nikaizima laptopu, nikaigeuza, nikatoa skrubu moja moja. Kadi ya waifai ni kidude kidogo kama ukucha wa dole gumba, na huingiwa na nyaya mbili nyembamba za antena, mmoja mweupe na mmoja mweusi. Mweupe ulikuwa mahali pake. Mweusi ulikuwa umelala pembeni, kichwa chake kimebanwa chini ya kibodi mpya. Niliuchomoa mwenyewe Jumapili ile ya chai, na kuurudisha nikasahau. Kosa hilo huwa nawafokea wanafunzi wa wiki ya kwanza. Nikaubana kwa ukucha, ukalia tik, basi. Wiki nzima ya mama yangu ilikuwa chini ya kibodi.

Nikaingia kwenye ruta, nikakitafuta kile kitufe, nikamfungulia.

Sebuleni simu ikaanza kulia. Ililia, ikalia tena, ikafululiza, ujumbe wa siku sita ukiingia kwa mpigo. Nikamsikia mama akiniita, sauti imempanda kwa furaha. Nilipofika alikuwa ameishika mbali kidogo na uso kama mtu aliyeokota kitu cha thamani.

"Umeiweza, baba. Na ulisema imezeeka."

Akanivuta nikae kando yake, akaanza kufungua ujumbe wa sauti mmoja baada ya mwingine, kwa kufuatana. Wa kwanza ulikuwa wa Jumanne: mbona umekatika, nilikuwa sijamaliza, kioo ulivunja wewe. Mama akacheka. Wa Jumatano ulikuwa mfupi. Wa Alhamisi, mdogo wake alikuwa ameshalazwa, akasema daktari amemwambia sauti inaweza kubaki na inaweza kuondoka, kwa hiyo anataka waongee sana leo. Wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa alfajiri. Nyuma yake yalisikika magurudumu ya kitanda kinachosukumwa.

"Dada, kama nimekuudhi, niambie. Sijui kwa nini hunipokei. Labda simu ni mbovu. Mpe mkwe wako aiangalie, si ni fundi, hawezi kushindwa na simu yako. Haya. Kioo nilivunja mimi."

Mama hakucheka tena. Akabonyeza kupiga kwa video, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai kama zamani. Akapokea binti wa mdogo wake. Alisema upasuaji umekwenda salama, uvimbe umetoka wote, mgonjwa anakula uji. Ila sauti haipo. Madaktari wanasema wasubiri, lakini wasiweke matumaini makubwa.

Kisha akamsogezea mgonjwa simu. Bandeji shingoni, macho makubwa. Alipomwona dada yake akafungua mdomo, na kilichotoka ni pumzi.

"Usiongee," mama akamwambia. "Nitaongea mimi. Simu iliniharibikia, mdogo wangu. Leo ndiyo mkwe wangu ameitengeneza, amehangaika nayo wiki nzima." Akaigeuza simu kidogo ili nionekane. "Huyu hapa."

Mgonjwa akaniangalia. Akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa, kunishukuru.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ningeweza kutabasamu tu, mambo yakaisha, na hakuna binadamu ambaye angejua mpaka leo. Nikageuka kwa mama, nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Mama, simu haikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyeifungia mtandao. Nilidhani unanipunguzia kasi ya kazi yangu. Na hukuwa wewe, ilikuwa ni laptopu yangu, waya niliusahau mimi."

Alichukua muda kuelewa. Akaniuliza kama ilikuwa hivyo hata siku ile alipoileta karakana. Nikasema hata siku ile. Akauliza, na siku zote ilipokaa mezani kwangu? Nikasema nilikuwa najua.

Hakunipandishia sauti. Afadhali angenifokea. Alishika magoti yake, akatazama sakafu, halafu akaichukua simu pale kwenye chupa ya chai na kunipa mkononi.

"Mimi umeshaniambia," akasema. "Na yeye mwambie."

Nikaishika. Mgonjwa alikuwa ananitazama akisubiri, kiganja bado kiko kifuani. Nikaanza kusema, na nikiwa nasema nilikuwa naomba moyoni picha igande, sauti ikatike, chochote. Lakini ruta ilikuwa juu ya kabati, hakuna kifaa kingine kilichokuwa kinatumia, na picha ilikuwa safi. Haikukwama hata mara moja. Niliona kila neno likimfikia, nikaona anafungua mdomo kunijibu, nikangoja, na mkono wake ukashuka taratibu kutoka kifuani.