Kikohozi cha Nyungunyungu

Mpimaji wa udongo alikuwa akiwaosha nyungunyungu waliochimbwa nyuma ya kiwanda cha betri, akiwalaza juu ya karatasi nyevu, ndipo mmoja akakohoa. Alikijua kikohozi kile, kikavu na kifupi, chenye mguno mwishoni kama wa mtu anayeomba radhi. Kilikuwa cha marehemu mume wake, aliyeyeyusha madini ya risasi kiwandani humo mpaka kifua kikamshinda.

Aliendelea na kazi. Aliwatia rangi nyekundu, akachungulia kwenye hadubini. Seli za nyungunyungu mzima huishika rangi hiyo. Za aliyesongwa na sumu huivujisha upesi. Za hawa zilivuja kabla hajakaa vizuri kitini. Wale wa udongo safi, kwenye mkebe wa pili, walishika rangi yao na kukaa kimya.

Tangu hapo, wakati wa chai, aliusogeza karibu naye mkebe wa wale wa kiwandani. Mwenzake wa meza ya jirani alizima redio ili shemeji asikike vizuri. Mama mkwe naye akaja, akavua viatu mlangoni, akamsikiliza mwanawe mpaka chai ikapoa. Alisema sauti imekonda.

"Huwa anasema lolote?"

"Jana aliniuliza kama nimekula."

"Ndiye huyo."

Kisha akauliza mbona wa mkebe wa pili hawasemi. Mkwewe akamweleza kwamba sauti inatoka kwenye sumu. Udongo ukitakata, naye atanyamaza. Mama mkwe alikaa akipapasa ukingo wa mkebe.

"Na majibu umeshayatoa?"

Alikuwa ameyakalia wiki nzima, kila akiulizwa anasema bado anapima. "Bado, mama. Nimemkumbuka mno."

"Mimi nilimzaa. Yatoe, mwanangu. Watoto wa watu bado wanaingia mle."

Akayatoa. Mkuu wa maabara aliyasoma, akautegea mkebe sikio, akasema hapo hapana ubishi, akayapeleka kiwandani. Kiwanda kilishukuru, kikapanda maua nyuma ya ukuta, juu ya udongo ule ule. Muda si mrefu kikaongeza zamu ya pili.

Siku hizi marehemu hukohoa kutwa, humo humo mauani, hata wa barabarani humsikia. Mkewe akitoka kazini huja na kigoda, akaketi kando ya ukuta. Vijana wa zamu ya pili hupita hapo, wakasema, "Pole, kaka," kisha wakaingia kazini.