Vidonge Vilivyokwenda na Maziwa

Siku mume wangu Alistides alipofariki, ng'ombe walikaa zizini mpaka jua likapanda. Hakuna aliyekumbuka kuwafungulia.

Alikuwa na saratani ya mapafu, ilikwisha kusambaa. Hospitalini Mwanza walipima kipande cha uvimbe wakakuta badiliko kwenye vinasaba, wakampa vidonge vinavyolenga badiliko hilo tu. Kimoja kila siku, asiruke hata siku moja. Hawakutuahidi kupona, ila kikohozi kilitulia, akarudi kuchunga hapa Bweranyange. Dawa hiyo ilimtoa vipele usoni.

"Umeota chunusi kama kijana anayetafuta mchumba," rafiki yake Novath alimtania.

"Na wewe mwenye uso laini, umempata nani?"

Novath naye alikuwa na saratani ya mapafu, lakini uvimbe wake haukuwa na badiliko lile. Alitundikiwa dripu za dawa kali za saratani, akarudi hajiwezi. Zamani, ng'ombe wetu walipokufa kwa ugonjwa, yeye ndiye aliyetupa mtamba. Tangu mtamba huyo azae, hatukunywa maziwa yake kabla Alistides hajampelekea Novath sehemu yake.

Kisha kikohozi cha Alistides kikarudi. Daktari alisema saratani hii huweza kuizoea dawa, nami nikaamini.

Baada ya matanga Novath alikuja, akaketi, akatoa mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na vidonge vya mume wangu.

"Mama Ankunda, alikuwa ananiletea pamoja na maziwa. Alisema amepewa vingi."

"Hakupewa hata kimoja cha ziada, shemeji."

Mimi nilikumbuka asubuhi zile. Nilimwona Alistides akitoa kidonge, nikageukia jiko. Kumbe siku nyingine alikitia mfukoni.

"Ulivimeza?"

"Sikumeza hata kimoja. Niliambiwa havinifai."

"Sasa mbona hukumrudishia?"

"Vilikuja na maziwa, Mama Ankunda. Ningevirudishaje bila kuukataa urafiki wake?"

Daktari aliniambia huenda ugonjwa ungerudi hata kama angevimeza vyote. Vidonge nilivirudisha hospitali. Binti yetu Ankunda yuko kazini Dodoma, hupiga simu Jumapili.

Asubuhi nakamua, nampelekea Novath maziwa. Anakunywa mbele yangu. Namsubiri amalize, kisha narudi nyumbani na kibuyu kitupu.