Jina la Rochelle kwenye Hati

Rochelle Odom alikuwa na kanuni moja: mtu akibadilisha maneno kati ya Jumanne na Alhamisi, shika mkoba wako. Na wakili Threlkeld alikuwa amebadilisha maneno.

Jumanne, kwenye ushauri wa bure, alimwambia Sura ya Saba ya sheria ya kufilisika inamtosha kabisa. Mpishi wa shule, nyumba ya kupanga, gari bovu. Anafungua kesi, miezi minne hivi madeni yanafutwa, kila mtu anakwenda zake. Ada ni dola elfu moja na mia nne. Leo Alhamisi, mwanamume yuleyule na tai ileile, anamwambia Sura ya Kumi na Tatu. Miaka mitano ya kulipa, na ada ya dola elfu nne na nusu.

"Jumanne nilikuwa maskini wa bei nafuu," Rochelle alisema. "Leo nimepanda bei?"

"Huitoi leo, Bi Rochelle. Inakatwa kidogo kidogo ndani ya malipo ya kila mwezi."

"Nisisikie maumivu. Umekuwa daktari wa meno?"

Alikuwa ameonywa. Dorsey, mwenzake wa kusugua masufuria jikoni shuleni, alishafungua Kumi na Tatu mara tatu, jambo ambalo mjini Memphis halimshangazi mtu. "Saba inampa wakili chakula cha mchana," Dorsey alimwambia. "Kumi na Tatu inamsomeshea mtoto. Fungua macho, dada."

Threlkeld akarudia swali lake, kwa mara ya tatu sasa. "Huna nyumba wala kiwanja popote?"

"Ningekuwa na nyumba ningekaa hapa nikinywa kahawa yako ya baridi?"

Wakili akasukuma karatasi mezani. "Basi huyu ni nani?"

Ilikuwa hati ya nyumba ya mama yake kule mtaa wa Orange Mound. Wenye nyumba: Ozella Odom na Rochelle Odom, nusu kwa nusu, tangu mwaka 2015. Rochelle aliisoma mara mbili, kisha akaigeuza atazame nyuma, kana kwamba ukweli huandikwa upande ule.

"Ukienda na Saba," Threlkeld alisema, "mahakama inaweka mfilisi. Kazi yake ni kuuza ulicho nacho awalipe wanaokudai. Si nyumba unayoishi, kwa hiyo kinga ya makazi haikufuniki. Nusu yako ina thamani ya elfu arobaini na nane. Unadaiwa elfu thelathini na moja. Ataiuza."

"Nyumba ya mama yangu?"

"Nusu yako. Lakini nani hununua nusu ya jiko? Itakwenda yote, mama apewe hela yake mkononi, atafute pa kuishi. Kumi na Tatu haigusi nyumba. Unalipa deni lote, hospitali na wale wa mkopo wa gari. Riba inasimama, na wanaokukata mshahara wanaacha. Ni kama mia sita na arobaini kwa mwezi." Akainua kidole. "Na jina hilo lisifutwe sasa. Likifutwa kabla ya kesi, mahakama itasema unaficha mali, na hapo hata mimi sitakufaa."

Rochelle alitoka bila kuaga. Jina lisifutwe! Kwa nini limuume wakili, jina la watu wengine? Karatasi kama ile hata mtoto angeichapa kwenye kompyuta. Na mtu ambaye picha yake imebandikwa kwenye mabenchi ya vituo vya basi akicheka meno yote thelathini na mawili, anacheka nini katikati ya watu waliofilisika?

Ijumaa aliomba ruhusa kazini akaenda ofisi ya hati ya kaunti. Karani mwenye miwani akamtolea nakala. Jina lilikuwa palepale, muhuri palepale.

Basi kama si wakili, ni Curtis. Kaka yake huyo aliwahi kuuza mashine ya kukatia nyasi ya jirani, jirani mwenyewe akiwa likizo. Kwa nini Curtis aghushi jina la dada yake badala ya lake? Hasira haina muda wa maswali kama hayo.

Jumamosi alimkuta mama yake jikoni akimenya kunde. Mama Ozella hakuuliza habari, alimsukumia bakuli. Rochelle akakaa, akaanza kumenya.

"Mama, Curtis amewahi kukuletea karatasi utie sahihi?"

"Amewahi. Baba yako hata kaburini hajapoa, akaja na mtu wa tai. Nikawakatia keki, nikasema miwani imepotea." Mama akacheka peke yake. "Kesho yake nikaenda kaunti na Hattie wa kanisani, nikaandika jina lako."

"Bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungemwambia kaka yako, mdomo wako naujua. Nina watoto wawili. Mmoja pesa humponyoka kama samaki. Mmoja anajua kuitunza. Ningemwandika nani?"

Rochelle aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yeye aliyewashuku watu wawili kwa siku tatu hakuwa na pa kuyaweka macho yake.

Mikono ya mama ikasimama. "Umejuaje kuhusu hati?"

"Nimeiona tu."

"Hati haionekani tu. Hati inatafutwa." Mama alimtazama jinsi labda alivyomtazama yule mtu wa tai aliyeletwa na Curtis. "Curtis amekutuma."

"Hapana, Mama."

"Basi umekuja mwenyewe. Mnataka kuiuza, mnitie kwenye kile chumba cha wazee chenye harufu ya dawa. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Akafuta mikono kwenye aproni. "Jumatatu naenda kaunti kulifuta jina lako."

Hapo Rochelle akajua wakili hakuwa na hila yoyote: hati ilikuwa ya kweli, na onyo lake pia. Tangu Alhamisi alikuwa akitafuta mwongo, na mwongo alikuwa yeye, aliyekuja Jumapili zote na kusema mambo ni mazuri.

"Usilifute, Mama."

"Nipe sababu."

Angeweza kunyamaza, aonekane mwizi, abaki yule mtoto anayejua kutunza pesa. Lakini mwizi au mtunzaji, Jumatatu jina lingefutwa na nyumba ingeponzwa.

"Nimefilisika," alisema. "Natafuta wakili wa kunifungulia kesi. Jina likifutwa sasa watasema tunaficha mali, na nyumba ndiyo itakayotafutwa."

Akasimulia yote: goti lililopasuliwa, gari, mkopo wa kulipia mkopo, mshahara unaokatwa robo kila mwezi. Saba na Kumi na Tatu. Mama Ozella alisikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimtisha Rochelle kuliko matusi.

"Hiyo ya kumi na tatu ni muda gani?"

"Miaka mitano."

"Na ukishindwa katikati?"

"Watarudi, Mama. Na wakirudi watakuja hapa."

Mama akaliondoa bakuli la kunde mapajani mwa Rochelle, akalirudisha upande wake wa meza.

"Mimi nina miaka themanini na moja," alisema. "Jina nitaliacha. Usichelewe kulipa hata mwezi mmoja."