Pa Kuegemeza Kamera

Upepo wa Hanang hauna adabu. Nasema hivyo mimi Nikolausi, mtu wa Maretadu, mpiga picha wa shamba la ngano la serikali, niliyesomea kazi hii Arusha na kupewa cheti chenye muhuri. Kamera yangu ilikuja na stendi ya miguu mitatu. Upepo uliiangusha mara ya kwanza ikavunjika mguu mmoja, nikaufunga kwa waya. Mara ya pili ukavunjika wa pili. Sasa stendi ya mguu mmoja ni fimbo tu, na fimbo haihitaji mtu mwenye cheti.

Meneja wetu, Bwana Gervasi, hakutaka kusikia habari za upepo. Ilikuwa mwaka themanini na nne, kalenda ya shamba inataka kuchapishwa, naye ameshaiona picha kichwani mwake: ngano imeiva, kombaini zimejipanga, Mlima Hanang nyuma, jua ndiyo kwanza linachomoza. "Na uipige kutoka juu, Nikolausi. Ngano ionekane mpaka macho yachoke."

Kutoka juu! Jamani, ile ni tambarare. Kuku akisimama juu ya debe anaona mpaka Hirbadaw. Na alfajiri mwanga ni mdogo, kamera inabidi ifumbue jicho kwa muda, ikitikisika kidogo tu mlima unatoka kama uji uliomwagika. Nilihitaji mahali pa juu na pasipocheza, basi.

Nilijaribu juu ya kombaini. Opereta akakataa kuizima, maana ikizimwa kuiwasha ni kazi ya nusu siku, na inapounguruma hata meno yanagongana. Nikajaribu boneti ya Land Rover. Joakimu, dereva wangu, naye akagoma kuzima kwa sababu hiyohiyo, starta ilikuwa imekufa tangu Pasaka. Nikajaribu bega la Joakimu mwenyewe. Nikamwambia asipumue. Akajitahidi, maskini, kisha akapasuka kicheko na picha ikaenda na maji. Kitu kimoja tu kilinifaa: gunia la ngano. Ukilaza kamera juu ya gunia, linaikumbatia, haitikisiki hata kwa dawa. Lakini gunia lenyewe linataka kuwekwa juu ya kitu.

"Pale," akasema Joakimu, akionyesha kwa kidevu.

Katikati ya ngano palikuwa na kilima cha udongo ulioshindiliwa, kirefu kuliko mtu, na magogo ya zamani yamechomoza juu yake. Mzee Gidahosh, Mbarabaig wa pale pale, alisema ni bung'eda, kaburi la heshima la baba yake, lililojengwa na ukoo mzima kabla trekta la kwanza halijafika. Meneja alisema ni kichuguu. Maneno yalifika mpaka mkoani, na Ijumaa ile bwana mkubwa alikuwa anakuja kuamua. Kikiwa kaburi, matrekta yatazunguka. Kikiwa kichuguu, kinalimwa. Mpaka siku hiyo Gidahosh aliruhusiwa kuingia shambani. Wafugaji wengine walikuwa wakifukuzwa na walinzi kama ndege waharibifu.

Tulimkuta amesimama pale na shuka lake na fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mzee, naomba nipande hapo juu nipige picha."

Aliitazama kamera kwa muda. "Hilo dude, likionyesha kitu, serikali inaamini?"

"Inaamini kuliko mdomo, mzee."

"Basi panda. Waonyeshe kwamba baba yangu yuko hapa."

Hapo nikawa mtaalamu wa kweli, na nataka hilo lijulikane. Nikamweleza kwamba nikipanda juu yake, kaburi halitaonekana. Ili lionekane inabidi nishuke, nisimame mbali, niligeuzie kamera.

Akarudi nyuma hatua mbili. "Kaburi halinyooshewi hata kidole, sembuse dude lenye jicho moja! Hapana. Wewe panda. Picha itaonyesha ulikuwa juu. Watauliza, katika nchi tambarare namna hii, huyu alisimama juu ya nini? Hapo utasema."

Ningemwambia kwamba serikali haijawahi kumuuliza mpiga picha alisimama juu ya nini. Nilijua hivyo vizuri. Lakini mashariki palishaanza kuwa pekundu, na kile kilima kilikuwa imara kuliko kitu chochote nilichowahi kukikanyaga katika wilaya ile.

"Sawa, mzee," nikasema. "Nitasema."

Akaniamuru nivue viatu. Akang'oa majani mabichi, akayaweka chini ya kilima na kusema maneno kwa lugha yake, taratibu, kama mtu anayemwomba radhi mgonjwa kwa kumwamsha. Nikapanda na gunia langu. Nilipiga picha nane. Hata punje za ngano ya mbele ungeweza kuzihesabu, na mlima umetulia mahali pake. Sijapata kupiga picha nzuri kama ile, na nilishuka nikiimba.

Ijumaa tukaingia ofisini. Bwana mkubwa aliishika ile picha kwa mikono miwili. "Aisee! Hii ni kazi. Sasa kaburi liko wapi?"

"Muulize aliyepiga," akasema Gidahosh. "Alisimama juu ya nini?"

Kumbe aliuliza kweli! Bwana mkubwa akanigeukia na kuuliza kwa heshima kabisa. "Ndugu mpiga picha, ulisimama juu ya nini?"

Meneja alikuwa anafungua kalamu yake na kuifunga, anafungua na kuifunga, bila kunitazama. Nina mke, Efrazia, na watoto watano. Tulikuwa tunakaa nyumba ya shamba, ya bati, yenye bomba la maji uani. Wahenga walisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Nami siku hiyo niliubusu mpaka kwenye kiwiko.

"Kamera ilikaa juu ya gunia la ngano, mheshimiwa."

Chumba kizima kikacheka. "Gunia la ngano!" akasema bwana mkubwa. "Ngano inajipiga picha yenyewe! Huko ndiko kujitegemea!"

Na si uongo. Hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa nimedanganya, ningeenda kwa padri nikatubu yakaisha, lakini ukweli ule sijui niutubu namna gani. Gidahosh hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama kwa subira, akidhani sijamaliza kusema. Akangoja. Mimi nikawa nafuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi. Alipoona hakuna kinachokuja, akachukua fimbo yake, akatoka.

Kesho yake matrekta mawili yalimaliza kukilima kile kilima kabla ya saa nne asubuhi. Magogo yakapelekwa jikoni kwenye bwalo la wafanyakazi, tukapikiwa maharage kwayo. Nilikula. Kalenda ikatoka vizuri sana.

Mwaka uliofuata meneja akaniita. Wageni waliipenda mno ile picha, alitaka nyingine, mahali palepale, urefu uleule.

"Haiwezekani, bwana. Pale sasa hapana kitu."

"Si ulitumia gunia? Tumia magunia."

Haya. Alfajiri tukabeba magunia kumi na mawili, mimi na Joakimu, tukayapanga pale nilipodhani ndipo. Yakacheza kama jino bovu. Upepo ukaanza utani wake. Gidahosh alikuwa barabarani na ng'ombe wake, ng'ambo ya mlinzi mwenye rungu, kwa sababu yeye naye sasa alikuwa haruhusiwi kuingia.

"Shikamoo, mzee!" nikapaza sauti.

Hakuitika. Kwetu, mtu mzima asipoitika shikamoo yako, unarudi nyumbani ukaulize umekosa nini. Mimi sikuwa na haja ya kuuliza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Aliyatazama magunia kwa muda mrefu.

"Yanacheza," akasema.

"Yanacheza, mzee."

"Yanataka mtu wa kuyashikilia."

Mlinzi akanyanyua rungu. "Hakuna mfugaji kuingia humu!"

Basi hasira yote ya mwaka mzima ikanipanda kichwani, nikamshukia yule mlinzi asiye na kosa. "Ala! Huyu ni mfanyakazi wangu leo! Unataka picha ya meneja iharibike? Ikiharibika utakwenda kumweleza wewe?" Mlinzi akajikuna kichwa, akasogea pembeni.

Gidahosh akawaachia ng'ombe mwanawe, akaingia. Alitupita sisi na magunia yetu, akatembea polepole akitazama mlima, kisha akitazama mti mmoja wa mbali. Akasimama. "Si hapo. Ni hapa."

Tukahamisha magunia yote kumi na mawili. Joakimu alilalamika njia nzima. Mzee akavua makatambuga yake, akatafuta majani mabichi asiyaone, akakata bua la ngano akaliweka chini. Kisha akayaegemea magunia kwa mgongo wake, nayo yakatulia kabisa. Akaanza kusema kwa lugha yake, sauti ya chini, na safari hii alikuwa na mengi.

Filamu ilikuwa na picha sita tu. Zikaisha upesi. Mzee alikuwa bado anaongea.

"Tayari?" akauliza Joakimu.

"Bado," nikasema. "Mwanga haujakaa sawa."

Jua lilishapanda, ngano nzima inametameta, hata kipofu angejua mwanga umekaa sawa. Joakimu alinitazama, akamtazama mzee, akaenda kukaa ndani ya gari. Mimi nikabaki juu ya magunia, jicho kwenye kamera tupu, nikibonyeza na kubonyeza, ili mlinzi asikie bado kazi inaendelea.